Kijana Niliyemfanya Bubu

Nilipokuwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Marangu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikuwa na somo la huduma ya kwanza ambalo wengi wetu tulilidharau kwa kuwa halikuwa na mtihani mkubwa. Mkufunzi wetu, mzee mpole aliyevaa sweta hata jua lilipowaka, alirudia jambo moja mpaka tukawa tunamwigiza bwenini: mtoto akikuangukia darasani, uliza. Alikuwa wapi? Amekula nini? Ameanza lini kuumwa? Asipoweza kusema, waulize wenzake. Niliufuata ushauri huo kwa karibu miaka arobaini, nikiwa mwalimu wa darasa na baadaye mwalimu mkuu, na nadhani wapo watu wazima wawili watatu walio hai leo kwa sababu ya maswali hayo. Siku moja tu niliuacha kwa makusudi, nikahakikisha na mwingine hawezi kuufuata. Siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro upande wa mashariki tunaishi karibu na mpaka kuliko watu wengi wanavyodhani. Kutoka Himo ukiishika barabara ya Holili, huendi mbali kabla hujaiona Taveta, nchi ya Kenya. Ukipanda kuelekea Marangu na Rombo, mpaka unakufuata ubavuni hadi Tarakea. Watoto shuleni husimuliwa kwamba mstari huo ulipindishwa ili Malkia Victoria wa Uingereza ampe mjukuu wake wa Ujerumani mlima wenye theluji. Ni hadithi tamu, na nimewasikia hata walimu wakiifundisha, lakini si kweli. Mpaka ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, watu waliokaa mezani Ulaya wakigawana nchi wasiyoijua. Vyovyote iwavyo, mstari ulipita kati ya watu na masoko yao, na watu hawakuacha kuuvuka. Njia za panya ni nyingi. Mahindi, sukari, mifugo, wagonjwa na maharusi, wote wamepita humo.

Halafu wakaja wapitaji wa namna nyingine. Ni vijana kutoka kusini mwa Ethiopia, wengi wao kutoka pande za Hosana, mji ulio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hushuka hadi Moyale, wakapita Nairobi, wakaingia kwetu kwa Taveta na Rombo, wakitafuta njia ya Mbeya, Malawi au Msumbiji, na mwisho wake Afrika Kusini. Watu wetu huwaita Wahabeshi. Hupita usiku. Asubuhi unakuta mahali ambapo majani yamelaliwa, maganda ya ndizi mbichi, pengine kandambili moja. Kwa miaka mingi mimi niliwajua hivyo tu, kwa alama walizoacha, na kwa habari za redio kwamba kadhaa wamekamatwa Mwanga, kadhaa Same.

Ilikuwa Julai 2013, mwezi ambao ukungu hukaa kihambani mpaka saa nne asubuhi. Nilikuwa na miaka miwili tangu nistaafu. Nilitoka kumkatia ng'ombe majani, nikamkuta kijana amelala kifudifudi kando ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia migomba, mdomo wake ukiwa ndani ya maji. Nilidhani amekufa. Nilipomgeuza akafungua macho, akatamka neno la kwanza la Kiswahili alilokuwa amefundishwa njiani: polisi. Alikuwa akiniuliza.

Nikamwambia siyo, mwalimu. Hakuelewa. Nikajaribu Kiingereza, nikakuta anajua maneno kama manne au matano. Lakini mtu aliyefundisha darasa la kwanza haishiwi lugha. Alinionyesha vidole vitatu. Akakunja magoti mpaka kidevuni, akayakumbatia kwa nguvu. Akajifunika macho kwa kiganja. Akafungua na kufumba vidole vyake mara nyingi kuonyesha watu wengi, kisha akaigusa midomo yake iliyopasuka na kutikisa kichwa. Nilielewa vizuri kabisa: siku tatu, wamesongamana gizani ndani ya gari, wamejikunyata, maji hakuna. Namna alivyoachwa pale, kama alishushwa kwa kuwa ni mgonjwa au aliruka mwenyewe, hiyo sikuielewa.

Mke wangu akachemsha uji mwepesi, akatafuta blanketi. Kijana alikuwa na homa, akitetemeka. Mapaja yake yalikuwa yamevimba na kukakamaa kama mti, na alipojaribu kusimama alilia kwa maumivu. Nilimshika akajisaidia nyuma ya banda. Ulitoka mkojo kidogo sana, wa rangi ya kahawa iliyochemshwa kupita kiasi. Sisi wakulima wa kahawa tunaijua rangi hiyo, ila hatujazoea kuiona mahali pale.

Sasa nieleze hofu yangu, maana bila hiyo msomaji ataniona mjinga tu. Wiki mbili kabla ya hapo, mtu wa kitongoji cha chini yetu alikuwa amekamatwa kwa kuwaficha Wahabeshi bandani mwake. Yeye alifanya hivyo kwa fedha, jambo lililojulikana na kila mtu, lakini nilijiuliza ni nani angeitenganisha habari yake na yangu. Tangu 1995 tunayo Sheria ya Uhamiaji, nayo haimwoni vizuri anayemhifadhi mtu aliyeingia nchini bila ruhusa. Nilifikiria pensheni yangu. Nilifikiria pia, na hili ndilo linalonionea haya zaidi, jina langu: watu watasemaje wakisikia Mwalimu amepelekwa kituoni? Kumtelekeza sikuweza. Kusema ukweli sikuthubutu. Nikachagua njia ya katikati, ambayo siku ile niliiona ya busara sana.

Zahanati ilikuwa mwendo mfupi kwa bodaboda. Nilimweka kijana katikati, mimi nikakaa nyuma nikimshikilia. Njiani nilimkanya kwa kidole mdomoni: usiseme kitu. Nesi wa zamu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, binti mwenye akili niliyemfundisha hesabu darasa la nne. Alinyanyuka aliponiona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa. Ni mtoto wa ndugu yangu wa Rombo. Ni bubu."

Akaandika. Kwenye nafasi ya jina akaandika jina nililompa, pamoja na jina la ukoo wetu. Mimi niliyewachapa watoto viboko kwa kudanganya mahudhurio nilisimama pale nikiitazama kalamu ikienda. Akaona michubuko mgongoni, akauliza kama kijana amepigwa, kwa maana kama amepigwa ingetakiwa PF3, ile fomu ya polisi ambayo kila Mtanzania aliyewahi kuumizwa anaijua. Nikasema ng'ombe alimbana kwenye ua. Akauliza wiki ile alikuwa wapi, na alikuwa akila na kunywa kama kawaida.

"Hapa hapa nyumbani," nikajibu. "Anakula vizuri tu."

Yalikuwa ni maswali yale yale ya mkufunzi wangu wa Marangu. Binti aliyauliza barabara, pengine alifundishwa na mtu aliyefanana naye, na mimi nikamjibu uongo. Hakunitilia shaka. Angemtilia shaka mtu mwingine yeyote aliyeingia pale na kijana mwenye sura ile, lakini mimi nilikuwa Mwalimu wake.

Akampima malaria kwa kipimo cha haraka, vikatokea vistari viwili. Jambo likawa limekwisha: homa, kutetemeka, maumivu ya mwili, na kipimo kimesema. Akampa dawa ya mseto, akamchoma na sindano ya diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya miguu. Mtu wa kwetu aliyekula na kunywa nyumbani angepewa hayo hayo na angepona. Tulirudi nyumbani nikiwa nimefarijika kiasi cha kumtania mke wangu kwamba nimepata mtoto wa uzeeni.

Jioni hakuwa amekojoa tena. Alitapika dawa, alitapika uji. Uso ukaanza kuvimba, akashikwa na kwikwi isiyokatika, na ilipofika saa nne usiku akawa anazungumza lugha yake na watu ambao hawakuwamo chumbani. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alikuwa amekaa kitandani akimfuta jasho. Akaniambia bila kugeuka, "Baba, huyu anasema. Wewe umekwenda kuwaambia hasemi."

Saa nane usiku nilimwamsha jirani mwenye pikapu. Tukashuka Moshi katika hospitali kubwa, ambayo siitaji kwa sababu nitakayoieleza ina nafuu yake na ina doa lake. Mapokezi walitaka kwanza fedha ya kuanzia; nililipa nilichokuwa nacho na kuahidi kilichobaki. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliyatazama mapaja, akautazama mkojo uliotolewa kwa mpira, kidogo sana na mweusi, akaisoma kadi ya zahanati. Halafu akaiweka kando.

"Mzee, shikamoo tena. Niambie, huyu mtu alikuwa wapi kabla ya kuja kwako?"

Nilisema yote.

Alinieleza baadaye, kulipokucha na mambo kutulia kidogo, akinichorea nyuma ya karatasi kama mwalimu kwa mwanafunzi. Nyama za mwili zikibanwa kwa muda mrefu bila kunyooshwa huumia na kuvuja, na kile kinachovuja huingia katika damu na kwenda kwenye figo. Mtu mwenye maji ya kutosha mwilini figo zake hukisafisha polepole. Mtu aliyekaa siku tatu bila maji, figo zake huziba kama chujio lililojaa machicha. Tiba yake ya mwanzo ni maji kwa dripu, mapema na kwa uangalifu, na kupima kinachotoka. Na dawa ya maumivu ya aina ile niliyokuwa nimeishukuru pale zahanati huzibana figo ambazo tayari zimekauka. Malaria ilikuwepo kweli, na ilizidisha taabu. Watu wanaotoka nyanda za juu ambako ugonjwa huo si wa kila siku hawana ule uzoefu wa mwili tulio nao sisi tuliokua tukiugua. Lakini malaria haikuwa habari yote. "Yule nesi," alisema, "angeambiwa siku tatu ndani ya gari bila maji, angemtundikia dripu palepale na kumleta huku mchana. Hakukosea. Alitibu mtu uliyempelekea."

Nimelifikiria sana neno hilo. Nilimpelekea mtu ambaye hayupo: mtoto wa Rombo, bubu, aliyebanwa na ng'ombe. Huyo ndiye aliyetibiwa. Yule mwingine alikaa juu ya benchi akiwa na siku zake tatu za giza mdomoni, nami nimemkataza kufungua mdomo huo.

Tunapozungumzia vizuizi vya matibabu kwa watu wa namna hii, mara nyingi tunataja fedha, na ni kweli. Tangu mwaka 1993 tulipoanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali, hata mwananchi huhesabu sarafu zake kabla ya kupanda ngazi, sembuse mgeni aliyenyang'anywa hata viatu na wale waliomsafirisha. Tunataja lugha pia. Yule kijana hata Kiamhari hakukijua sana, lugha yake ya nyumbani ni nyingine, na katika Moshi nzima sijui ungempata wapi wa kumtafsiria saa nane usiku. Lakini vikwazo hivyo mtu akiwa na moyo huvizunguka. Nilimuuza beberu mmoja na kahawa iliyokuwa ghalani, deni likaisha. Kwa lugha, vidole vilitosha. Kisichozungukika ni kwamba mgonjwa hawezi kusimulia njia aliyopita bila kujishtaki, wala anayemsaidia hawezi kuisimulia. Na kwa watu hawa njia ndiyo ugonjwa wenyewe. Kifua kimetoka kwenye chumba walichorundikwa arobaini. Kuhara kumetoka kwenye dimbwi walilokunywa ng'ombe. Baridi ya Rombo usiku, joto la kontena mchana, kipigo cha wakala anayedai nyongeza ya nauli, hayo daktari hawezi kuyasoma kwenye kadi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wao walimfikiria mtu anayeficha kwa aibu yake mwenyewe, hawakumfikiria anayelazimika.

Kifo kimewaumbua wengi. Mwaka mmoja kabla ya kisa changu, Juni 2012, lori lilikutwa limetelekezwa katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, na humo na kando yake maiti zaidi ya arobaini za Waethiopia waliokosa hewa. Niliposikia neno Kongwa nilizima redio nikakaa kimya. Vijana wa leo hawajui, lakini sisi tuliokuwa shuleni miaka ya 1960 tunajua kwamba kuanzia mwaka 1964 Kongwa palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Kusini, FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, na wengineo. Walikuwa wakiingia nchini kwa kujificha, wengi bila hati yoyote, wakitoroka Kusini. Baadaye wakapewa na Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule na hospitali, wakaiacha kwetu mwaka 1992. Nilifundisha somo la siasa kwa miaka mingi na kila mwaka nilijisifia habari hizo kana kwamba niliwapokea mimi binafsi. Najua kwamba kupigania uhuru na kutafuta kazi si jambo moja, na afisa mmoja wa serikali alinikumbusha hivyo kwa ukali nilipomtajia. Sawa. Ila pafu linapokosa hewa halijui tofauti hiyo.

Baada ya hapo hesabu imeendelea. Machi 2020, mkoani Tete nchini Msumbiji, kontena lilifunguliwa wakakutwa watu 64 wamekufa na 14 wanapumua. Oktoba 2022 lilifukuliwa kaburi la pamoja katika wilaya ya Mzimba, Malawi, lenye miili zaidi ya 25. Desemba mwaka huo huo, miili 27 ilikutwa imetupwa kando ya njia Ngwerere, nje ya Lusaka, na kati yake mmoja alikuwa bado hai. Kila mara vifo hivyo vilihesabiwa huko mbali, kusini. Lakini wapo waliofika huko wakiwa tayari wamepita kwenye migomba yetu, wakiwa na kiu, na zahanati iko umbali wa sauti.

Sitaki nionekane ninawatukana watu wa uhamiaji na polisi. Nchi lazima ijue nani anaingia. Na wale mawakala ni watu wabaya. Tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu 2008, na wanaokamatwa chini yake siwalilii. Ninachosema ni kidogo zaidi: meza ya daktari na meza ya afisa zisiwe meza moja. Mgonjwa aulizwe na daktari kwanza, na anayoyasema pale yabaki pale, mpaka awe amepona kiasi cha kujibu maswali mengine. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 14, inapoeleza haki ya kuishi inamtaja kila mtu. Haikuandika kila raia, ingawa mahali pengine ilipotaka kusema raia ilisema. Na kama hoja ya utu haitoshi, basi tuseme hoja ya ubinafsi: mtu mwenye kifua kikuu anayeogopa kukohoa mbele ya nesi atakohoa ndani ya basi la Himo.

Tena na sisi tuna wetu. Nani katika Tanzania hajui neno wazamiaji? Vijana wetu wamejificha kwenye matumbo ya meli kutoka Dar es Salaam na Tanga tangu zamani, na wengine wameteremka kwa barabara hadi Durban na Cape Town. Mmoja wa wanafunzi wangu alirudi baada ya miaka tisa huko, akiwa amebaki mifupa. Aliniambia alikohoa miezi minane kabla ya kwenda kliniki, akiamini kwamba watamfungia mlango nyuma yake. Katiba ya Afrika Kusini inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, lakini nani angemsomea katiba mtu anayelala ufukweni? Hatimaye aliyempeleka kliniki alikuwa mama mmoja muuza mboga, Mzulu, ambaye alisimama mapokezi na kudai huyu ni mwanawe. Nilipoisikia habari hiyo nilicheka, mwanafunzi wangu akashangaa ninachokicheka. Nikamuuliza: je, alisema wewe ni bubu? Akasema hapana, alisema huyu mwanangu anakohoa tangu Pasaka. Aliwadanganya juu ya jina, lakini kikohozi alikisema chote. Mimi sikuwa na akili hiyo.

Turudi kwa kijana. Daktari alimhudumia kama alivyowahudumia wengine, na hilo nitamshukuru maisha yangu yote. Siku ya tatu, sijui kwa taarifa ya nani, walikuja watu wawili wakakaa kwenye viti karibu na kitanda chake, wakawa wanapokezana. Mmoja alimfunga pingu mguu kwenye chuma cha kitanda, mguu ule ule uliovimba, mpaka daktari alipofoka ikafunguliwa. Tangu wakati huo kijana aliacha kujibu chochote, hata nilipomwonyesha vidole. Wauguzi wakamwuliza kwa ishara kama anaumwa, akatazama ukuta. Walimwuliza mara nyingi. Alikuwa amekuwa bubu sasa, safari hii kwa uamuzi wake.

Na mimi niliitwa kuandika maelezo. Nilikaa kituoni kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni, nikaonywa, nikaruhusiwa. Afisa aliyeniandika alikuwa mtu wa heshima. Aliniambia, "Mwalimu, ungesema kweli tangu siku ya kwanza ungekuwa shahidi tu." Pengine ni kweli. Hakuna aliyekuwa ametuambia hivyo kijijini. Tulichokuwa tumekiona ni jirani yetu akipandishwa garini.

Jambo jingine lililonibidi ni kwenda zahanati kumwambia yule binti. Nilimkuta akigawa dawa za watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akaniuliza tu: "Mwalimu, ile sindano?" Nikamwambia siyo kosa lake. Akasema anajua siyo kosa lake, lakini ni mkono wake. Mpaka leo ananisalimia kwa heshima zote, ila akimpokea mgonjwa niliyemleta mimi humwuliza mgonjwa mwenyewe, hata akiwa mtoto mdogo, na mimi huniacha nje ya mlango. Anafanya sawa.

Baada ya siku kumi na moja mkojo ulirudi kuwa safi na kijana akatolewa hospitalini, akachanganywa na wenzake waliokamatwa sehemu mbalimbali. Tulisikia siku watakayofikishwa mahakamani Moshi, mke wangu akasema twende. Tulikaa benchi la nyuma. Walikuwa vijana kama kumi na wanne, wengi hawajaota ndevu, na alikuwepo mkalimani wa Kiamhari ambaye baadhi yao walimsikiliza kwa shida. Walisomewa shitaka la kuingia nchini bila kibali, wakakiri mmoja mmoja, wakatozwa faini wasiyokuwa nayo, au kifungo. Tuliambiwa kwamba wakishamaliza, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, huwasaidia wengi kurejea kwao.

Kabla ya hapo hakimu alimtaka kila mmoja ataje jina lake. Ilipofika zamu yake alisimama, mguu mmoja bado mzito, akalitaja. Halikuwa lile nililompa mimi, wala lile walilokuwa wamemwandika hospitalini. Karani hakulipata, akamwomba arudie, akalirudia polepole, kipande kwa kipande, kwa sauti iliyofika mpaka kwetu nyuma.

Mke wangu akaniinamia. "Kumbe," akasema, "ana sauti nzito hivyo."